Kurasa Zilizogandishwa kwa Uji

Uvumi ule haukumtoka Mama Tausi kichwani: mtoto wa mtaa wa nyuma kapigwa shoti, eti kafuata kitabu cha sayansi. Basi akakoroga uji wa ngano, akazigandisha kurasa zote za umeme katika kitabu cha bintiye.

Tausi aliporudi kutoka shule na kukifungua, alishika kichwa. "Mama jamani! Umeziba palepale panapotuonya!"

"Kwani panasemaje?"

Wakazilowesha kurasa, wakazibandua taratibu. Wingu la mvua lilitia giza chumbani. Mama, vidole vikichuruzika maji, akanyoosha mkono kuwasha taa. Tausi akaudaka, na bila kuuachia akamsomea:

Usiguse swichi kwa mikono iliyolowa.
Usichokonoe soketi kwa msumari.
Usishike waya uliochunika.