Hata Mama Yangu Anapaka

"Hata mama yangu anapaka hii!" binti alinadi krimu ya uso mubashara mbele ya simu, wateja wakimiminika.

Mama yake, aliyekuwa pembeni akifunga mizigo, alishtuka. Hata kuinusa hajawahi.

Mtazamaji mmoja akaandika: "Iliniunguza mashavu. Narekodi kila neno, wakili wangu atalipeleka mahakamani. Huyo mama aje aseme mwenyewe."

"Mama, hebu njoo uwaambie hawa wenye wivu!"

Mama akasogea, akabandua karatasi iliyoziba kopo. Krimu ilikuwa nyeupe pee, inanukia ajabu. Kitu kizuri hivi kimuunguzeje mtu? Akachovya kidole, akakipeleka shavuni.

Binti akamdaka mkono. "Usipake, mama! Utababuka!"

Simu ilikuwa bado hewani.