Kibao cha Mlangoni

Jumanne, tarehe tisa mwezi wa nane, saa nne asubuhi, kompyuta kuu ya hospitali ilijifunga ili ijisafishe, na Mwanaheri akafa wodini huku manesi wakisubiri faili lake lifunguke wajue ni dawa gani inayomdhuru.

Baada ya arobaini, mumewe, Mzee Shebughe, alimwendea Tumsifu, fundi wa chumba cha kompyuta.

"Ikisafishwa, mzee wangu, wote hufungiwa nje ya mafaili, hubaki fundi mmoja tu. Zamani nilikuwa nakaa humu mwenyewe. Napigia wodi zote simu kwanza, halafu natundika kibao mlangoni. Sasa wakubwa wametaka programu, inafanya yenyewe kila Jumapili alfajiri."

"Mke wangu hakufa Jumapili."

Tumsifu alikuna kidevu. "Wanasema programu ilikosea siku. Hapakuwa na mtu humu."

"Ndiyo, wakubwa hawakosei. Hukosea kisichoweza kuulizwa."

Kibao kilikuwa juu ya kabati, kimeandikwa MTU YUMO. Mzee alikichukua, akakifuta vumbi kwa kanzu yake, akakitundika kwenye msumari wa mlango.

"Siku ile nilikuja mbio hapa kuomba msaada, nikakikuta kinaning'inia hivi hivi. Niligonga mpaka vidole vikavimba. Hiyo programu yenu ina mkono wa kutundika kibao?"

Tumsifu alikitazama kikiyumba, hakukigusa.

"Mimi nilikuwa likizo, mzee."

"Najua, mwanangu. Basi alikuwemo nani?"