Damu Ngumu

Watoto hawakuruhusiwa tena kupewa dawa ya malaria, ili kizazi kijacho kitokane na wale tu waliopona wenyewe. Nakiete alipopandwa na homa, mama yake, Namkunda, alimmezesha kwa siri vidonge vya zamani alivyovificha jikoni. Binti akapona. Muuguzi wa mtaa akaja kumvisha bangili ya kijani, ruhusa ya kuja kuzaa.

Kabla muuguzi hajaondoka, aliingia jirani yao, Mama Elinami, aliyemzika mwanawe wiki iliyopita kwa homa ileile.

"Hongera, mwenzangu. Damu yenu ni ngumu," alisema, akiigusa ile bangili. "Yetu ndiyo haikufaa."

Namkunda alifungua mdomo amwambie. Muuguzi alikuwa bado anavaa viatu mlangoni.

"Kaa, dada," akasema Namkunda. "Nikumiminie chai."