Pale Oili Inapoanzia

Fundi Reino Salmela alikuwa amelala kifudifudi barabarani mchana kweupe, amejifunika turubai gubigubi. Magari mawili yalimkwepa. Dereva wa la tatu, jirani yake, alisimama, akashusha kioo, akatikisa kichwa, kisha akaenda zake. Mtu ametoka kuzika, mwache.

Ndani ya giza la turubai Reino alikuwa na taa yake ya zambarau, ile ya gereji. Na mbele ya pua yake lami ilikuwa inang'aa.

Tone moja la kijani, jingine, jingine, halafu doa zima lenye upana wa sahani. Hapo fundi hahitaji kuambiwa. Gari lililomuua Wade, mpwa wake, lilikuwa linavuja oili, na lilisimama hapa. Kumbe yule mtu alisimama! Alimgonga kijana wa watu akamrusha mtaroni, akasimama, akatazama, akaingiza gia akaondoka. Reino alilia mlemle turubaini, akamtukana mtu huyo matusi yote aliyoyajua.

Lakini kilichomshtua zaidi ni ule mng'ao. Oili haing'ai hivihivi. Hung'aa chini ya taa hii ikitiwa rangi ya kutafutia mvujo, na wilaya nzima ni yeye peke yake anayeitumia. Mafundi wengine hutandika boksi chini ya injini, wakakisia. Yeye huosha injini ikatakata, humimina rangi, huliendesha gari mpaka ichanganyike, ndipo amulike. Na vuli hii alikuwa ametia rangi gari moja tu.

La Gus Hautala. Van kuukuu, kutu mpaka milangoni, inayoacha doa jeusi kila inapoegeshwa. Gus aliapa kwamba sampu, bakuli la oili chini ya injini, imetoboka, maana oili ilidondoka chini kabisa. Reino alimcheka. Oili hudondokea huku, kumbe imeanzia kule, alimwambia, akamwonyesha kwa taa: gasketi ya kifuniko cha juu imechoka, oili inateremka mgongoni mwa injini mpaka chini. Gasketi ikaagizwa. Ijumaa mchana Reino akampelekea gari lake kwake, na taa mpya ya mbele bila malipo, akamwonya asiliendeshe mpaka gasketi ifike.

Gus wa kuonywa? Chapombe yule, leseni alishanyang'anywa na bado akaendesha! Na Wade aligongwa Ijumaa hiyohiyo usiku. Polisi walisema hivyo kwa sababu mwenye duka aliapa kumuuzia sigara Ijumaa asubuhi. Marlene, mama yake Wade, hakuwa na wasiwasi. Alidhani yuko kwa mchumba wake. Jumamosi wawindaji wakamkuta mtaroni, theluji imemfunika.

Polisi hawakuwa na la kushika. Novemba huku kila gari la pili limegonga kulungu. Mkuu wao alisema akianza kukamata wenye bampa zilizopondeka, atawafunga mpaka wachungaji wa kanisa.

Marlene, dada yake Reino, alikuwa hali wala halali. Alishinda jikoni amepakata viatu vya mwanawe. Reino alipomwambia kwamba sasa anamjua mtu mwenyewe, hakulia. Alivaa koti.

"Sitaki kesi, kaka," alisema. "Nataka nimtazame usoni aliyemwacha mwanangu mtaroni. Basi."

Walifika kwa Gus bado jua lipo. Reino alimwomba dada yake abaki kwenye gari kwanza. Van ilikuwa uani, pua imeelekea ukuta. Gus alitoka na bakuli la supu mkononi, akafurahi kumwona, akauliza kama gasketi imefika.

Reino alimkaba shingo. Supu ikamwagika. Akamwambia kila kitu: mng'ao, matone, doa pale uliposimama, Gus, ukatazama, ukaenda zako kulewa.

"Lini?" Gus aliuliza kwa shida.

"Ijumaa usiku. Usijifanye hujui."

"Ijumaa?" Gus alinyoosha mkono kuelekea uani. "Halijasogea, Reino. Uliniambia nisiliguse, nami nikakutii, mara moja katika maisha yangu. Nenda kaangalie."

Reino alitazama. Theluji iliyoanza kuanguka Ijumaa jioni ilikuwa imeyeyuka ikaganda tena, na matairi yote manne yalikuwa yamezama ndani ya barafu. Hapakuwa na alama ya gurudumu uani kote. Funguo zilining'inia msumarini karibu na mlango, bado zimefungwa karatasi ya gereji yake.

"Lakini mwenye duka alimwona Wade Ijumaa asubuhi," Reino alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Mwenye duka ana miaka themanini. Leo asubuhi kaniita kwa jina la marehemu baba yangu."

"Basi nani aliyeliendesha?"

Gus alishusha sauti.

"Wewe, Alhamisi jioni, ulipokuwa unachanganya ile rangi yako. Si ndiyo maana ukaniwekea taa mpya? Ulisema umegonga kulungu. Ulisema ulisimama, ukatazama, hukumwona."

Nyuma yao mlango wa gari ulifunguka. Marlene alikuwa anakuja kumtazama usoni.