Chuya za Sekela

Habari hii nilipewa na dada yangu Tumpe, juma lile tulipokuwa tunapukuchua mahindi.

Mto wa mji anakoishi ulijaa tope, na samaki trauti hatagi kwenye tope, anataka kokoto safi. Watu wakazoa tope misimu miwili ili samaki warudi, wakachoka. Mwenyekiti akasema yasipoonekana mayai kabla ya mvua, mto wanapewa wachimba mchanga.

Sekela, mjane wa mvuvi, hakuacha. Kila siku alichota kokoto kwa ungo akazisuuza kama mchele.

"Shemeji, zitaiva lini?" mwenyekiti, ndugu wa marehemu mumewe, alimtania.

"Wewe lete mboga tu."

Asubuhi moja akaona punje za rangi ya chungwa kati ya mawe. Akaanza kuzitoa kama chuya, azitupe. Moja ikamnata kidoleni. Ilikuwa na macho mawili meusi.

Akazirudisha zote majini, polepole, akaagiza mwenyekiti aitwe.

"Shemeji, zimeiva."

Mwenyekiti akapiga magoti, akatazama sana. Alipogeuka amjibu, Sekela alishalala pale ukingoni, ungo usoni kuzuia jua, miguu ingali majini.