Su

"Su," mgonjwa wa kitanda cha dirishani alisema tena, akamkamata nesi mkono. "Su! Su!"

Nesi hakujua la kufanya. Mwanamke huyu kijana aliokotwa asubuhi chini ya ngazi za soko, mkono umevunjika, hana simu wala kitambulisho, na lugha yake wodini hapakuwa na aliyeijua. Neno lake lilikuwa hilo moja tu, na wodi nzima ilikuwa imeshajitia ukalimani. Mpishi, mzaliwa wa ng'ambo, aliapa kwamba kwao su ni siki, akamletea kikombe anuse. Mgonjwa akageuza uso. Mfagiaji akasema kwao ni "juu", wakainua kichwa cha kitanda mpaka mgonjwa akakaribia kukunjika. Mlinzi akasema kwao ni "yake".

"Yake nani?" nesi aliuliza.

"Hapo ndipo ninapokomea, sista."

Walicheka, ila nesi alicheka kwa nusu mdomo. Macho ya mgonjwa hayakubanduka upande wa mlangoni, na mtu haanguki ngazi hivi hivi. Nani alimsukuma?

Mkalimani aliyetafutwa na hospitali alifika saa ya kuona wagonjwa, watu wakimiminika na vikapu vyao. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtandio ameuzungusha shingoni ingawa wodi ilikuwa na joto. Nesi alipovuta pazia ndipo alipomwona mwanamume mwenye jaketi la ngozi amesimama mlangoni, akichezea funguo za gari.

"Ndugu, unamtafuta nani?"

"Namsubiri mke wangu," alijibu kwa adabu, akatabasamu. "Usijali, nitasimama hapa hapa."

Saa ya wageni haikuwa imekwisha, kwa hiyo nesi alimwacha.

Mkalimani alianza kwa masharti, kama kawaida yao, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Nitakachosema si changu. Nikisema mimi, ni yeye anayesema. Nikiwa na langu mwenyewe, nitaanza kwa kusema 'mkalimani'." Nesi alishayasikia mara nyingi, akaitikia kwa kichwa.

"Su," mgonjwa alisema.

"Mkalimani anauliza, anaruhusiwa kunywa maji?"

"Daktari alikuwa amemzuia, lakini picha ya mkono imeshatoka. Anywe."

Jagi lilikuwa mezani karibu na mlango. Mkalimani alilifuata huku ameinamisha uso, akapita mbele ya yule mwanamume bila kumtazama. Alimimina kwa haraka hata nusu ya maji ikamwagikia shuka. Mgonjwa aliyanywa yote kwa pupa, akashusha pumzi, akalala chali ametulia. Wakanong'onezana maneno mawili matatu.

Kisha mkalimani akatazama sakafu, akasema polepole:

"Naogopa. Mume wangu ameapa kuniua leo. Haniachi niongee na mtu peke yangu. Nakuomba, usikubali nitoke humu pamoja naye."

Nywele zilimsisimka nesi. Kumbe neno fupi lile lilibeba habari ndefu namna hii! Polepole aligeuza macho mlangoni. "Namsubiri mke wangu," alikuwa amesema. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa hatua tano kutoka kitandani, kimesikia kila neno. Mwanamume alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma.

"Pole yake, maskini," alisema.

Unafiki ule ulimtisha nesi kuliko kama angetukana. Akajikaza kisabuni, akafanya kama hakuelewa kitu.

"Mwambie hatutamwacha," alimnong'oneza mkalimani.

Mkalimani hakutafsiri. Aliinua macho kwa mara ya kwanza, mekundu, akamkazia nesi.

"Usiniache," alisema.

"Mwambie nimesikia, dada."

Nesi aliachia breki ya kitanda. Upande wa pili wa wodi kulikuwa na mlango wa wafanyakazi, na nyuma yake chumba cha kufunga kwa ufunguo. "Nampeleka akafungwe plasta," alitangaza kwa sauti kubwa. Akamgeukia mkalimani. "Ahsante, dada, kazi yako imekwisha. Umefanya jambo kubwa leo. Nenda nyumbani ukapumzike."

Akasukuma kitanda bila kutazama nyuma.

Ndani ya chumba kile alifunga, akaegemea mlango, roho mkononi. Kila kishindo cha kiatu kilikuwa yule wa jaketi. Akampigia simu mlinzi aje haraka. Mgonjwa alimtazama kwa mshangao, kisha akafumba macho, akasinzia kama mtoto aliyeshiba.

Hodi ilipopigwa, nesi alichungulia kwenye kioo. Alikuwa mlinzi, na kando yake kijana mmoja anayehema.

"Sista, huyu anasema ni nduguye. Kamtafuta mji mzima."

Mgonjwa alizinduka, akamwona kijana, akalia na kucheka kwa pamoja, akimmiminia maneno kwa lugha yao. Nesi akafungua.

"Usiogope tena," alimwambia yule kijana. "Dada yako ametueleza yote. Mumewe hatamgusa."

"Mume?" Kijana alimtumbulia macho. "Dada yangu hajaolewa. Kateleza ngazini, ndivyo anavyoniambia hapa."

"Su," mgonjwa alisema, akionyesha mdomo.

"Na samahani, sista, kama kuna maji. Kutwa nzima anasema aliomba maji tu."

Nesi alihisi sakafu inamtoka miguuni. Alimshika mlinzi mkono kwa nguvu, kama alivyoshikwa yeye asubuhi.

"Yule mwanamume wa mlangoni yuko wapi?"

"Mwenye funguo? Ameshaondoka, sista," mlinzi alisema. "Kamfungulia mkewe mlango wa gari mwenyewe. Yule mkalimani."