Nishani ya Tupu

Nyumba ilijaa tangu alasiri, maana mtaa wetu haujawahi kutoa mshindi wa nishani ya Chama cha Wakemia. Tulikuja na vyetezo vya udi, mlinzi wa chama akatuzuia mlangoni. Mshindi huitwa Tupu, kwa lugha yao ya maabara: sampuli isiyo na kitu ndani, ambayo damu zetu sote hulinganishwa nayo. Basi tangu leo, hadi atoke maabara mwaka ujao, asifukizwe, asilishwe cha nyumbani, asishikwe na mtu.

“Msomi mzima aitwe Tupu,” alinong'ona shangazi yake, Bi Hadia.

Mwenyewe alisikia. “Ni mwaka mmoja tu, shangazi,” Mwanakheri akajibu kutoka kitini, nishani kifuani.

“Aliyekutangulia naye aliambiwa mwaka, mwanangu. Katoka juzi, na wanawe wanamwamkia kama mgeni.”

Hapo binti mdogo wa Mwanakheri, Nasra, mdomo umejaa halua, akamkimbilia akitaka kupakatwa. Mlinzi akapiga hatua. Mwanakheri akawahi kuinua mikono juu, mbali na mtoto, akaiacha huko.

Nasra akadhani ni mchezo. Akainua yake pia, akacheka, kisha akatugeukia akingoja nasi tucheke.